Mkono Uliofichwa Mfukoni

Wapendwa, kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mtu wa kupenda nguo zilizonyooka, ambaye kiharusi kilimpoozesha mkono wa kulia. Mkewe alikuwa muuguzi mstaafu, na nyumba yao iliendeshwa na pensheni yake. Mama huyo akifa, pensheni nayo ingekoma, isipokuwa kama mumewe, kwa ulemavu wake, ameandikishwa kuwa mtegemezi wake.

Neno hilo lilimkwama fundi kooni. Yeye, aliyetoa mahari kwa jasho lake, aitwe mtegemezi wa mke? Ninyi wanaume wa viti vya nyuma, mngekubali? Siku ya kwenda ofisi ya pensheni kuandikishwa alivaa koti lake zuri, mkewe akamfunga vifungo vyote, naye akauficha ule mkono mfukoni.

"Mzee, bado unafanya kazi?" akauliza binti wa ofisini.

"Nashona kama kawaida. Simtegemei mtu."

Binti akamgeukia mama. "Basi mama, hapa sina la kuandika."

Mama hakumkaripia mumewe. Alimwinamia akamwambia polepole, "Baba Tumsifu, sikukuleta hapa nikuaibishe. Huu moyo wangu unajua unavyonisumbua. Nikitangulia, vifungo hivi atakufunga nani?"

Fundi alimtazama mkewe, na machozi yakamlengalenga. Akautoa mkono mfukoni kwa kuuvuta na ule mzima, akauweka mezani mbele ya watu.

"Mwanangu, nimekudanganya. Namtegemea huyu. Hata koti hili kanivisha yeye."

Binti akachukua kalamu. "Mzee wangu, meza hii iliwekwa kwa ajili ya mkono huo. Ulikuwa unamficha nani?"

Na sisi je? Kila Jumapili tunaingia humu tumepiga pasi, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Tukiulizwa hali, tunajibu ni njema. Ndoa imepooza, tumeitia mfukoni. Imani imepooza, nayo tumeitia mfukoni. Halafu tunarudi nyumbani tukinung'unika kwamba Mungu ametusahau. Atusaidieje, ndugu zangu, nasi tumemwambia tunashona kama kawaida?

Sasa tusimame tuombe. Leo sikwambii uinue mikono yote miwili. Toa ule mmoja.