Nafasi Moja Chini ya Bao

Sogeeni, na anayetaka kulala akalale kwake. Hadithi hii inaanza kwa msimulizi inaishia kwa msikilizaji, na hukumu yake imewashinda watu wazima wenye mvi mpaka puani.

Walikuwepo watu watatu mtaa wa Ghalani, kila mmoja na kipawa chake, na vipawa vyenyewe si vya mchezo.

Wa kwanza Mchinjita, mchonga mbao. Huyu akichonga kinu, mahindi yanajitwanga yenyewe kwa woga. Aliwahi kuchonga njiwa wa kuweka juu ya kabati, paka wa mtaa mzima wakashinda siku tatu dirishani wanamvizia. Lakini kucheza bao, hapana. Mkono wake kwenye bao ulikuwa mzito kama wa mtu anayepanda mihogo.

Wa pili Ngaweje, mchezaji. Huyu anaokota kete kumi na tano kwa mkupuo, na kabla hujapepesa jicho kila moja imeshalala shimoni mwake. Wewe umebaki unasikia mlio tu, kama mvua ya kwanza juu ya bati.

Wa tatu Somoe, mjane, muuza vitumbua. Kipawa chake jicho. Akiliona bao linachezwa mara moja, anarudi nyumbani anakurudishia mchezo wote tangu kete ya kwanza, na akikosea hata moja mwite mwongo. Ila ndiyo hivyo, mwanamke. Na kule kwao mwanamke hagusi kete mbele ya wanaume. Anauza, anachukua sinia lake, anapita.

Ghalani kulikuwa na kilabu cha bao, Tulizana. Walikaa kila alasiri isipokuwa Ijumaa, kwenye kibaraza cha ghala bovu la korosho. Wazee wa Tulizana wakicheza, hata jua lilichelewa kuzama kwa kutaka kuona nani kaliwa. Bao lao lilikuwa la mninga, la mababu, na chini yake yamechongwa majina. Aliyelitetea bao au kulirudisha nyumbani, jina lake linakaa pale, na wajukuu wanaligeuza wanalisoma.

Jina la mwisho lilikuwa la Libaba, baba yake Mchinjita.

Miaka ishirini nyuma Libaba alikaa mkekani na watu wa Magengeni, kilabu cha Kaza Moyo, akafungwa. Mila ni kwamba ukifungwa unalikabidhi bao limepinduliwa, majina yanaangalia mbingu. Libaba akakabidhi. Mtu mmoja wa Magengeni akaokota kigae cha chupa, akalikwangua jina la Libaba hapo hapo, mwenyewe anatazama. Mchinjita alikuwepo, ameshika bakora ya baba yake. Akaona unga wa mninga unadondoka, mwekundu, kama mtu kachubuliwa. Libaba akarudi nyumbani, akaingia ndani, hakuonekana tena barazani mpaka alipopitishwa hapo kwa jeneza.

Tangu siku ile Mchinjita hakutaka mali, hakutaka cheo. Alitaka jina la baba yake lirudi palipokwanguliwa. Basi. Akila analiwaza, akipiga randa analiwaza, usingizini alikuwa anachonga hewa mpaka mkewe akahamia kitanda kingine.

Sasa bao hukombolewa kwa bao. Mkombozi anakwenda na bao jipya lenye thamani ile ile, na hilo jipya analiacha huko, ashinde asishinde. Wanacheza mizunguko mitatu. Mchezaji akinyanyuka mkekani kabla haijaisha, kafungwa. Akishinda, anaondoka na bao la zamani, na ndani ya siku saba linachongwa jina moja la mkombozi. Siku ya saba wenzao wanakuja kuligeuza. Wakikuta hakuna jina, wanalichukua tena na halikombolewi milele, maana bao lisilo na jina halina mwenyewe.

Bao jipya litoke wapi? Mti mbichi ukiuchonga leo, mwezi ujao umepasuka. Unataka mbao iliyokauka umri wa mtu mzima, na mninga wa namna hiyo ulibaki mmoja tu: mlango wa nyumba aliyoiacha Libaba. Ubao mmoja mzima, unene vidole vinne, ulipokuwa unafungwa usiku mtaa mzima unajua Libaba kalala. Mchinjita akaung'oa. Mkewe akamuuliza kama atasimama yeye pale mlangoni kuzuia mbuzi. Akatundika jamvi, akachonga siku arobaini, mashimo thelathini na mawili, kila shimo laini kama shavu la mtoto. Masika ikaingia sebuleni bila hodi, na kuku wa jirani wakafanya pale ndiyo kwao. Yeye anachonga tu. Bao lilipokamilika, watu walilikalia kimya kama wanakaa na maiti.

Na mbinu itoke wapi? Magengeni walikuwa na Kazumari, ambaye hajafungwa miaka kumi na saba. Watu walisema akicheza, kete zinamwamkia. Huyu Kazumari ni kaka yake Somoe, tumbo moja, ziwa moja. Walipokuwa wadogo Somoe alimfunga mara moja tu, uani, na Kazumari akaumwaga mchezo mchangani, akamkanyaga vidole. Baba yao akamchapa Somoe, kwa nini amegusa kete. Kidole chake kimoja hakijanyooka mpaka leo. Mwaka mzima Somoe aliuza vitumbua kwenye baraza ya Magengeni, akatazama kila mchezo wa kaka yake. Jioni anarudi Ghalani, anapanga uani vyuma vyake vinne vya vitumbua, kila chuma mashimo manane, jumla thelathini na mawili, bao kamili. Anaweka kete za komwe mle mnamokaangwa, anamchezea Ngaweje kila mkono wa Kazumari, na Mchinjita amekaa pembeni anaangalia. Mwisho akawaambia jambo ambalo hakuna mwanamume aliyeliona kwa miaka kumi na saba. Kila mtu ana nyumba, lile shimo kubwa analojiwekea akiba ya kete. Kazumari huilinda yake kama roho. Lakini akitaka kuivunja nyumba azimwage kete zote, koo linamkauka.

"Akiomba maji," Somoe alisema, "usingoje. Ile nyumba uile mkono huo huo. Ukimwacha akameza, umekwisha."

Na mkono utoke wapi? Ngaweje. Siku ya ukombozi walikaa mkekani Magengeni saa mbili asubuhi, Somoe pembeni na sinia lake. Mzunguko wa kwanza Kazumari, wa pili Ngaweje. Wa tatu ulianza mchana, bao limebana, hata mbwa wa Magengeni walikaa chini. Ndipo akaja mjomba wake Ngaweje, akamwinamia sikioni: mama yako kaanguka, anakuita. Ngaweje akatupa kete. Mjomba akarudi mara ya pili: mama yako hatunaye. Ngaweje akatupa kete. Mara ya tatu akamwambia wanaume wamesimama na jeneza, wakungoje au wasikungoje. Ngaweje alikuwa mwana pekee wa mama yule. Watu wanaapa kwamba machozi yalijaa shimo zima na aliyahesabu kama kete. Hakunyanyuka.

Kazumari akapangusa shingo, akasema, "Somoe, nipe maji."

Somoe akachota, akampelekea kaka yake kwa mikono miwili, kama siku zote. Kikombe hakijafika mdomoni, Ngaweje akaila ile nyumba. Kete kumi na sita. Kazumari akaliangalia bao, akamwangalia Ngaweje, akakiangalia kikombe. Akayamwaga maji taratibu pembeni ya mkeka.

"Maji haya ulikuwa unanipa mimi," alimuuliza dada yake, "au unampa yeye?"

Kazumari akacheza mikono minne mitano, akafungwa. Akanyanyuka, akatangaza mbele ya watu kwamba mama yake alizaa mtoto mmoja tu.

Ngaweje alikimbia mpaka makaburini viatu vikabaki njiani. Akawakuta wanaume wanakung'uta majembe.

Basi bao likarudi Ghalani, na lile la mlango likabaki Magengeni, wanalichezea mpaka leo. Mwenyekiti wa Tulizana akaligeuza la zamani, watu wakainama. Nafasi ni moja. Ni pale pale palipokwanguliwa, na kigae kilikula ubao ukabaki mwembamba kama chapati. Jina moja patahimili. La pili, patasi inatokea ndani ya shimo na bao limekufa. Mwenyekiti akasema mmelirudisha nyie watatu, pataneni nyie watatu, jina mtakalokubaliana Mchinjita alichonge. Kisha akasema miguu inamuuma, akaenda zake.

Mchinjita ndiye aliyeanza kusema. Aliona jambo lenyewe liko wazi kama jua, wenzake watamwitikia tu.

"Linarudi jina la mzee. Nimetoa mlango wake ili yeye arudi."

Ngaweje alikuwa bado na udongo wa kaburi kwenye kanzu. Akasema, "Mzee Libaba ndiye aliyelipoteza, kaka. Aliyevunja chungu hasifiwi mwanawe akileta kingine. Mlango wako ni deni limelipwa."

Neno lile lilimwingia Mchinjita kama msumari kwenye fundo la mti. Akamjibu kwamba mkono hata nyani anao, na kama si jicho la Somoe, Ngaweje angefungwa na mama kumkosa vilevile.

Ngaweje akautazama udongo kwenye kanzu yake. "Lisipokaa jina langu pale," akasema, "mimi nilikaa mkekani kwa ajili ya nini? Niambieni. Usiku nikiulizwa na mama, nimjibu nini?"

Wote wawili wakamgeukia Somoe, kila mmoja akitumaini atamuunga yeye mkono. Somoe alikuwa ameshika sinia tupu. Magengeni hauzi tena, walimpindulia jiko.

"Mlango unachongwa mwingine," akasema. "Mama angekufa hata Ngaweje angekaa nyumbani. Mimi kaka yangu yu hai, anapita barabara hii hii, ananitemea mate. Mkono wangu haujaruhusiwa kugusa kete mbele ya watu tangu nizaliwe. Basi jina liguse."

Mchinjita akajisikia anasema neno ambalo hakulipanga, limetoka lenyewe kama kibanzi. "Dada Somoe, aliyemuuza kaka yake, sisi atatuuza lini?"

Somoe akaweka sinia chini. Hakulia, hakutukana. Akasema tu, "Uani kwangu ulikaa mwaka mzima ukila vitumbua vyangu. Hukuniuliza swali hilo."

Tangu hapo hakuna aliyemwamkia mwenzake. Kilabu kikakatika mapande matatu. Wazee wengine wakasema dume halisomi jina la mwanamke chini ya bao, wengine wakasema asiyemzika mama yake hana jina, wengine wakasema Libaba alale huko aliko. Kibaraza kikabaki cha mbuzi. Angalia mambo hayo: miaka ishirini bao halikuwepo na wachezaji wapo. Sasa bao lipo, wachezaji hawapo.

Ikafika Alhamisi, siku ya sita. Kesho yake, baada ya swala, wazee wa Magengeni wanakuja kuligeuza, na Kazumari mbele yao. Mchinjita alikaa kwenye mlango usio na mlango, jamvi linampigapiga mgongo, bao limelala kifudifudi mapajani. Patasi ameinoa mpaka inakata kivuli. Hakuna anayemzuia. Akichonga LIBABA sasa hivi, nani atalifuta? Na kesho mzee atasomwa tena na wajukuu.

Akaiweka patasi pale palipokwanguliwa. Hapo hapo akapita Somoe na vyuma vyake vinne kichwani, vimepoa, hana pa kuvipeleka. Hakugeuza shingo. Haukupita muda akapita Ngaweje na kanzu nyeupe, anakwenda makaburini kama kila siku tangu siku ile. Naye hakugeuza shingo. Mchinjita akainua nyundo. Ikabaki juu. Upepo ukalisukuma jamvi, ukaingia ndani kwake bila hodi, kama kwake. Akajikuta anawaza kwamba baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa haki sana kwenye bao, na hajui kama angekubali.

Nyundo iko juu mpaka sasa hivi. Jina lisipokatwa kabla ya Ijumaa bao linaondoka, na mlango, na mama, na kaka, vyote vimekwenda bure.

Haya, nyundo hiyo mmepewa nyie. Mmoja katoa nyumba ya baba yake, mmoja katoa maziko ya mama yake, mmoja katoa ndugu wa tumbo lake. Na atakayesema wagawane, atuambie kwanza kaburi atamgawia nani.

Je, wewe ungeanza kuchonga herufi gani?