Ukuta wa Ukumbini

Ndugu zangu, leo niacheni niwapeleke kwenye nyumba moja ya mawe, katika mji wa kale kama huu wetu. Msiniulize ni ya nani. Mkianza kumtafuta mwenyewe mtaacha kusikiliza.

Katika nyumba hiyo alizaliwa mtu mmoja, akakulia humo, kisha riziki ikamchukua Uarabuni. Akakaa huko mpaka ndevu zikaingia mvi. Alikuwa na kazi nzuri, chumba kizuri, kiyoyozi kinavuma. Lakini mnajua kutamani nyumbani kunavyomfanya mtu? Alikuwa akilala chali anaijenga nyumba yao upya kichwani. Anaanza na daka, pale mlangoni walipokuwa wakikaa wageni. Anaingia ukumbini, ukuta mweupe wa chokaa, laini, ukiuwekea shavu unapoa mwili mzima. Anaviona vikombe vya bibi yake kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Anasikia ndara za marehemu baba yake zikiburuzika sakafuni. Hapo machozi yanamtoka, mtu mzima huyo.

Basi akarudi. Akamkuta mama yake, mjane, anaishi peke yake humo humo. Mama akampokea kwa furaha, akampikia kahawa, akamletea mpaka mkononi bila kumwaga tone. Lakini nyumba sasa! Paa linavuja. Kuta zimeingia weusi. Kizingiti kimelika katikati kwa kukanyagwa. Na ukumbini, urefu wa kiuno, ukuta umechimbika mstari mzima kutoka mlangoni hadi jikoni, kama umekwaruzwa na ng'ombe. Yule bwana aliona uchungu wa mtu aliyekwenda kumtazama mchumba wake wa zamani, akaonyeshwa bibi mmoja kibogoyo, akaambiwa ndiye yule pale.

Akasema, "Mama, nitaitengeneza. Nitairudisha kama ilivyokuwa mimi nikiwa mtoto, baba yupo hai."

Mama akasema, "Paa litengeneze, mwanangu. Ukuta wa ukumbini niachie."

"Mama! Ule ndio mbovu kuliko zote!"

"Najua, baba. Niachie hivyo hivyo."

Akacheka. Akasema moyoni, huo ni uzee. Nani kati yetu hajasema hivyo juu ya mama yake?

Akamhamishia mama kwa dada yake, ghorofani, upande wa pili wa mji. Kazi ikaanza. Na msidhani ilikuwa kazi ya ovyo, hapana. Hakutia saruji hata kijiko kimoja, maana saruji inauziba ukuta wa mawe ya matumbawe usipumue, unyevu unabaki ndani na ukuta unaoza. Chokaa yake ilichomwa kama walivyochoma wazee, ikaloweshwa, ikaachwa ilale mpaka ikaiva. Boriti zilizooza zikatolewa, zikaingia nyingine za mikoko. Hata wapita njia walikuwa wakisimama kutazama.

Walipofika ukumbini, fundi akauliza, "Hapa palipochimbika je, bwana?"

"Ziba. Nyumba haikuwa hivi."

"Na kizingiti?"

"Badilisha. Weka kilicho sawa."

Fundi akaziba, akasugua, akapiga rangi. Ukawa ukuta wa kupendeza.

Huko kwa dada yake habari zilikuwa nyingine. Mama hanyanyuki kitini. Akinyanyuka anagonga meza, anamwaga chai, anapapasa akitafuta mlango wa choo. Dada akapiga simu: "Kaka, mama ameharibika ghafla. Kutwa anauliza nyumba itakwisha lini." Yule bwana moyo ukamlainika. Kumbe mama naye anaitamani nyumba yetu kama mimi! Akawahimiza mafundi.

Siku ikafika. Kabla ya kumleta mama, aliingia peke yake, akauwekea ukuta shavu. Ukapoa mwili mzima. Ilikuwa ndiyo yenyewe, nyumba ile ile aliyokuwa akiililia ugenini. Akalia tena, safari hii kwa raha.

Kisha akamleta mama. Alipofika naye mlangoni akamwachia mkono, akatangulia ndani, apate kuuona uso wake anapoingia. Mama akainua mguu, akajikwaa kwenye kizingiti kipya. Akanyoosha mkono ukutani. Akaupitisha huku, akaupitisha kule, juu, chini. Hakukuta kitu. Chokaa tupu, laini. Uso wake ukawa wa mtoto aliyepotea sokoni. Akarudi nyuma mpaka nje, akajitanda vizuri ushungi wake, akasema kwa adabu zote:

"Hodi. Hodi wenyewe."

Yule bwana akacheka. "Mama, utani gani tena huo? Si kwako hapa! Niko mbele yako!"

Mama akageuka kuitafuta sauti, akatazama mahali ambapo mwanawe hayupo.

Hapo ndipo alipoelewa. Mama alikuwa haoni. Alikuwa haoni tangu zamani, na hakuna aliyejua, kwa sababu ndani ya nyumba ile alikuwa na njia yake ukutani. Mkono wake mwenyewe ndio ulioichimba, kwenda jikoni na kurudi, siku nenda siku rudi, huku mwanawe yuko mbali.

"Mbona hukuniambia, mama?" akauliza.

"Ningekuambia ungenitoa kwangu," mama akasema. "Nami nilitaka nife hapa." Mkono wake bado ulikuwa unapapasa hewani.

Enyi jamaa, yule bwana alikosa nini? Hakubomoa. Hakuuza. Alipenda! Lakini alikuwa akiipenda nyumba ya siku aliyoondoka, na mama alikuwa akiishi katika nyumba ya siku zote zilizofuata. Na sisi ndio tulivyo. Tunatamani utoto wetu, tunatamani msikiti wa babu zetu, tunatamani wazazi wetu wawe vile tulivyowaacha. Haya, kutamani si dhambi. Dhambi ni kuingia na msasa mkononi, kila alama tusiyoijua tukaiita uchafu, tukaisugua mpaka ing'ae. Halafu tunashangaa mbona wazee wamekuwa wageni majumbani mwao, mbona wanaomba ruhusa ya kukaa!

Mzee akikwambia, "Hapa niachie," kwa nini unacheka? Ulikuwapo yeye alipokuwa akipita hapo?

Swala ikiisha leo, usikimbilie dukani. Pita kwa mzee wako. Usianze kumwambia utamfanyia nini, hilo ngoja kwanza. Kaa naye. Muulize anashika wapi.