Nani Ashike Kamba ya Fahali wa Nyanzobe?

Nyamazeni, na wewe unayetafuna karanga, acha kwanza. Walikuwapo wanawake watatu. Nyanzobe, mjane, alikuwa na jicho la kuujua uzao wa ng'ombe hadi bibi wa bibi yake. Minza alikuwa na mkono wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali zilizohifadhiwa kwenye mrija. Holo, daktari wa mifugo, alikuwa na kisu. Na wote watatu walimchukia mtu mmoja: Masunga.

Mume wa Nyanzobe alipofariki, Masunga, ndugu wa marehemu, alizoa zizi zima. Kwao ng'ombe husifiwa kwa pembe na nundu, basi akamwachia mjane mtamba mwenye matako yaliyofura, kichekesho cha kijiji.

"Chukua huyo, shemeji. Mmefanana."

Nyanzobe alimchukua. Alikumbuka kwamba mama wa mtamba alikuwa hivyo hivyo, na bibi yake pia. Huo haukuwa ugonjwa, ulikuwa urithi. Akamtunza, ukame wa miaka miwili akimbebea maji kichwani.

Minza, aliyewahi kutimuliwa na Masunga kwa fimbo eti mwanamke hagusi ng'ombe wake, alimtazama mtamba akacheka. "Dada, ng'ombe ana breki mbili za kuzuia nyama isifure, moja ya baba, moja ya mama. Huyu moja imekatika." Akasafiri siku mbili kufuata mbegu za fahali aliyekatika breki zote mbili, akarudi akampandisha mtamba. Ndama akirithi ubovu kwa baba na kwa mama, nyama haina wa kuizuia.

Siku ya kuzaa ndama alikwama, mkubwa kama gunia la pamba. Holo, binti wa Masunga mwenyewe, aliyefukuzwa kwa kukataa kuozwa, akampasua mtamba ubavuni, akamtoa ndama mzima, akamshona mama. Wote wakapona.

Fahali akakua, mapaja kama magogo. Wanunuzi, waliotafuta nyama na si pembe, wakaanza kuwapita ng'ombe wa Masunga bila hata kusimama. Masunga akaja, kofia mkononi.

"Shemeji, nipandishie ng'ombe wangu."

Nyanzobe anataka kumkatalia, amtazame akiisha polepole. Minza anataka kumkubalia upesi: mitamba wake ni wadogo, ndama watakwama, wafe pamoja na mama zao. Holo naye anasema, "Apewe. Na kila anayekwama, baba aje kuniita kwa magoti."

Atakayemjibu Masunga ni mmoja tu, yule atakayeshika kamba ya fahali. Bila jicho, fahali asingekuwapo. Bila mkono, asingekuwapo. Bila kisu, asingekuwapo. Masunga bado yuko mlangoni, jua linamchoma utosini. Haya, wewe: kamba ungemkabidhi nani?