Mashine Iliyomwita Mama Saa Nne

Hii nimeletewa na mtu ninayemheshimu, nikaisoma mara mbili chai ikapoa. Isome taratibu, kisha mtumie yeyote unayemjua ambaye mama yake yuko mbali.

Kulikuwa na kijana wa Upareni, jina lake Mbonea, fundi wa kuandika programu za kompyuta. Kazi ilimpeleka Accra, Ghana. Mama yake, Bi Nakijwa, alibaki Usangi peke yake na ugonjwa wa sukari.

Daktari alimwagiza ameze dawa saa moja asubuhi na saa moja jioni, na kila akimeza ale papo hapo. Lakini Bi Nakijwa alikuwa msahaulifu wa ajabu. Angekueleza nani alivaa nini siku ya harusi yake, ila dawa ya leo hajui kama kameza.

Mbonea akaona dawa ya usahaulifu anayo yeye. Akaandika programu kwa lugha ya C, akaiweka kwenye kimashine chenye spika, akarekodi sauti yake mwenyewe: "Mama, dawa. Halafu ule."

Akaijaribu kule Accra wiki nzima. Ikifika saa moja, inaita. Mnawajua mafundi wa kompyuta: kitu kikifanya kazi mezani kwao, basi dunia nzima imepona. Akampa mtu aliyekuwa anarudi Tanzania aipeleke.

Kila Jumapili alipiga simu.

"Mama, mashine inakuita?"

"Inaniita, baba. Vizuri sana."

Mwezi wa pili tangu mashine ifike, aliyepiga simu ni jirani, Mama Tumsifu. "Mbonea, mama yako ameanguka jikoni. Daktari anasema anakaa na njaa muda mrefu mno. Mwanangu, njoo, tusije tukampoteza."

Mbonea alipanda ndege akiwa na nguo alizovaa. Alipofika, mama alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, amekonda, lakini anacheka kwa kumwona mwanawe.

Kesho yake asubuhi akamkuta mezani. Chai iko kwenye chupa, mihogo imefunikwa, vidonge viko kwenye kisahani. Hajagusa kitu. Saa ya ukutani imeshapita saa moja.

"Mama, mbona huli?"

"Bado hujaniita."

Mbonea akageukia mashine. Kimya. Akampa dawa, akakaa naye mpaka amekula, ndipo akafungua kompyuta yake.

Kosa lilikuwa neno moja. Kompyuta huhesabu sekunde kwa namna moja duniani kote, na anayeandika programu ndiye anayezigeuza ziwe saa. Kwa lugha ya C, ukiandika gmtime unapewa saa ya Greenwich, kule Uingereza. Ukiandika localtime unapewa saa ya mahali ulipoitegea mashine. Mbonea aliandika ile ya kwanza. Na Accra, saa ya pale na ya Greenwich ni ileile mwaka mzima, kwa hiyo kosa halikuonekana. Huku kwetu tuko mbele kwa saa tatu. Mashine ilikuwa ikimwita mama saa nne asubuhi, na jioni vilevile inachelewa mpaka saa nne usiku.

Alibadilisha lile neno, akaitegea mashine saa za Tanzania, akaijaribu hapohapo Usangi. Kisha akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Nisamehe, Mama. Nilikosea mimi. Lakini saa ya ukutani unayo. Hukuona kwamba inachelewa?"

"Niliona siku ya kwanza."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Bi Nakijwa akamshika shavu kama alivyomshika akiwa mdogo. "Si uliniambia huko mko nyuma yetu saa tatu? Nikajua, kumbe ndiyo saa anayoamka mwanangu. Anashika chai yake, ananiita. Nikasema nisimtangulie. Nimsubiri, tule pamoja."

Mbonea alilia, mtu mzima na ndevu zake, wala sioni aibu kumsimulia.

Siku hizi mashine inaita Usangi saa moja asubuhi, haikosei. Muda huohuo Accra ni saa kumi alfajiri, bado giza. Na kijana ambaye zamani ungemwamsha kwa maji ameshaamka, kikombe mkononi, simu sikioni.

"Shikamoo, Mama. Umekunywa dawa?"

"Marahaba, baba. Nimekunywa. Chai yako imeiva?"

"Imeiva, Mama."

"Haya, tule."

Funzo: Ukimpenda mtu aliye mbali, usimwache aishi kwa saa yako; geuza saa yako iwe ya kwake.