Mtamba wa Mama Tupokigwe

Sogeeni, nina kesi, na mahakimu ni ninyi.

Mjini Tukuyu palikuwa na mafundi watatu wa gereji moja. Asajile alikuwa mtu wa vipimo. Hakuamini kitu mpaka akipime. Atuganile aliujua umeme wa gari kama njia ya kwenda kwao. Lusekelo yeye akiingia chini ya gari hatoki mpaka akione alichokifuata.

Asubuhi moja mkunga, Mama Tupokigwe, aliingia na gari lake akaubamiza mlango.

"Jana nimeishiwa mafuta mlimani, na tangi nililijaza mwenyewe! Mzazi kajifungulia barabarani, kwenye mvua. Mtoto nusura anifie mikononi! Fundi wangu ameshaniuzia sensa ya oksijeni mara mbili, na taa ya injini bado inawaka. Atakayeliponya gari hili nampa mtamba wa ng'ombe. Atakayenidanganya, atanitambua!"

Sensa hiyo hukaa kwenye bomba la moshi, na kuiambia kompyuta ya gari ipunguze au iongeze mafuta. Ndani yake mna hita ya kuipasha moto. Hita isipowaka, gari hunywa mafuta ovyo.

Asajile alichomeka kompyuta ya kupimia. Ikaonyesha hitilafu kwenye umeme wa hita. Akaichomoa sensa, akaipima hita yenyewe. "Mama, hii nzima kabisa. Ukiuziwa nyingine, umeibiwa tena." Mama akalipiga boneti ngumi.

Atuganile aliwasha swichi, akapima plagi ya sensa. Umeme haufiki. Akafuata hadi kwenye fyuzi, akaikuta imeungua. Akaweka mpya, nayo ikaungua papo hapo.

"Weka kipande cha waya badala ya fyuzi niondoke!" Mama alifoka. "Wazazi wananisubiri!"

"Siweki! Litashika moto na mzazi ndani! Kuna waya unagusa chuma, na mpaka upatikane gari halitoki hapa."

Walifokeana mpaka majirani wakatoka nje.

Lusekelo hakungoja waishe. Aliingia chini bomba likiwa bado la moto, likamuunguza kiwiko. Akaupapasa waya kidogo kidogo mpaka akapaona: aliyebadilisha sensa hakurudisha kibanio, waya ukalalia bomba, ganda likayeyuka. "Mshenzi huyu!" alisikika akiguna huko chini. Alikata palipoungua, akaunga, akafunika, akaubana waya mbali na bomba. Fyuzi mpya ikashika. Taa ikazimika, na wiki ile Mama alizunguka milimani bila kuishiwa mafuta.

Akaja na mtamba. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

"Bila mimi angenunua sensa nyingine na kuondoka na ugonjwa uleule," alisema Asajile.

"Bila mimi gari lingekuwa majivu!" alisema Atuganile.

"Ninyi mlisema, mimi nikatengeneza!" Lusekelo akawaonyesha kiwiko. "Nani kati yenu aliungua?"

Jirani akashauri auzwe wagawane. Mama Tupokigwe akamkata kauli: "Huyu ni wa kuzaa, si wa kuuzwa! Nilisema mmoja, na atakuwa wa mmoja."

Basi, watu waliokula sahani moja miaka yote sasa hawasalimiani. Kila mmoja ana kufuli lake kwenye sanduku la spana. Mtamba amefungwa mlangoni pa gereji, na anayethubutu kuigusa kamba yake hutukanwa na wenzake wawili.

Je, wewe ungemkabidhi nani kamba ile? Na hao wengine wawili ungewaambia nini, ukiwatazama machoni?