Mhariri Aliyetangaza Makosa Yake

Mtu mmoja alikuwa na gazeti katika mji mdogo wa milimani, zamani zile mashine ya kuchapa ikiendeshwa kwa mkono. Jina lake Yeremia Shemndolwa. Gazeti lenyewe lilikuwa karatasi moja iliyokunjwa, likitoka kila Alhamisi, siku ya gulio, na asiyejua kusoma alisomewa palepale penye mizani ya kahawa.

Katika chumba cha kuchapia mlikuwa na sanduku la herufi kubwa kupita zote. Aliyemuuzia alimwambia ni za kutangazia vita na vifo vya wafalme. Yeremia alizitumia kwa kazi moja tu, nayo ni kukiri makosa yake. Ukurasa wa kwanza, juu kabisa: TULIKOSEA. Mbuzi aliyeshinda maonyesho si wa Mama Sekela, ni wa mke mwenzie. TULIKOSEA. Mzee Kilua hana miaka themanini, ana sitini na minane, na bado anatafuta mchumba. Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Wenye vyeo walimwonya kwamba anajivua nguo sokoni. Naye kila mara aliona haya, haya ya kweli, masikio yakimwaka moto, lakini aliona heri aibu ya siku moja kuliko uongo uliohamia nyumbani mwa watu. Akaenda hivyo miaka ishirini na miwili.

Mwaka mmoja, masika yalipokwisha, alishuka mtoni akachoma kisu katika nguzo ya daraja la miti. Kisu kikazama mpaka mpini. Akida wa mji, ambaye ndiye aliyelijenga, alitangaza kwamba daraja ni zima. Na Jumamosi ilikuwa harusi: bi harusi avushwe ng'ambo, ukoo mzima nyuma yake, ngoma mbele. Yeremia akachapa: Daraja limeoza. Jumamosi haitapita likiwa limesimama. Vukeni kule juu, penye maji ya magoti.

Jumamosi alisimama ukingoni. Aliwajua wote wale. Watoto wao alikuwa ametangaza kuzaliwa kwao. Msafara ukafika, ukasita. Akida alikuwa katikati ya daraja akirukaruka, tumbo na kofia vikiruka naye, ili waone lilivyo imara. Baadhi ya vijana wakaanza kumfuata. Hapo bibi yake bi harusi, Bibi Mwanaidi, akawatangulia, akanyoosha mkongojo kuwazuia.

“Huyu bwana kajianika makosa yake yote miaka ishirini na miwili,” alisema. “Angekuwa kakosea, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kutuambia. Vueni viatu!”

Wakavua. Wakavuka kule juu, kanga zimekunjwa, ngoma kichwani kwa mpigaji, bi harusi kabebwa na mashemeji wanaozozana nani ashike wapi. Mashangazi walirushiana maji kama watoto. Haikupata kuonekana harusi yenye kicheko kama ile.

Lakini Jumamosi ikapita, daraja limesimama. Jumapili likasimama vilevile. Akida akapita mlangoni kwa Yeremia akipiga mluzi, akamwahidi kwamba kabla ya gulio mashine ile itakuwa imechukuliwa. Jumatatu asubuhi Yeremia, masikio yakimwaka, akafungua lile sanduku akaanza kupanga herufi. Alikuwa amefika herufi ya nne aliposikia kishindo kutoka mtoni. Daraja lote lilikuwa limekwenda na maji, na juu yake hapakuwa na hata kuku.

Mji ukamjia mbio kwa vigelegele. Wakambeba mabegani, wino mikononi, akiwapaka nguo zao nzuri na wao hawajali. Alilia kwa furaha mbele ya wote, wala hakujificha. Walipomshusha, akarudi kazini kumaliza alichokianza.

Alhamisi gazeti likatoka. TULIKOSEA. Tulisema daraja litaanguka Jumamosi. Limeanguka Jumatatu. Tunaomba radhi.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu angependa neno lake liaminiwe siku ya hatari. Basi niambieni: ni lini jirani yako alisikia kosa lako kutoka kinywani mwako mwenyewe?