Basi ya Mwatime

Paukwa!
Pakawa!
Nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!
Pakawa!

Palikuwa na mfinyanzi, jina lake Mwatime. Hajui kufungua mdomo bila basi. "Basi wifi, umeamkaje? Basi nipe maji." Wifi yake Nyevu, dada wa mumewe, akisonya. Ugomvi kila siku.

Siku moja Mwatime akafinyanga zimwi la udongo, akalitemea dawa, akalipa mchi. "Twanga mahindi mpaka niseme basi."

Likatwanga. Akisema basi, linakoma.

Nyevu akalikodolea macho. "Mimi siliamini hilo."

"Una wivu, wifi."

Siku ya pili Mwatime akasema, "Basi wenzetu ng'ambo ya mto nao wana zimwi, tena la kwao lina miguu. Tuchekwe?" Akalitia miguu.

"Mimi siliamini hilo."

"Una wivu, wifi."

Siku ya tatu: "Basi wa ng'ambo wanalitia akili!" Akalitia akili.

"Mimi siliamini hilo. Mbona linakusikiliza hata usipoliita?"

"Una wivu, wifi."

Basi, mahindi yakaisha. Zimwi likaenda kwa majirani, likatwanga ya kwao. Likatwanga mbegu. Likatwanga vigoda na milango. Likarudi, likamchukua Mbeyu, mtoto wa Mwatime wa kunyonya, likamtia kwenye kinu.

"Basi!" Mwatime akapiga kelele.

Mchi ukasimama juu. "Basi nini, mama?"

"Basi muache mwanangu!"

"Kumbe hujafika mwisho. Basi yako huwa ina mkia." Mchi ukaanza kushuka.

"Basi!"

Ukasimama. "Basi nini, mama?"

"Basi nakuomba, baba!"

"Bado unaendelea. Na mimi naendelea." Ukashuka tena.

"Basi!"

"Basi nini, mama?"

Nyevu akaruka, akamziba wifi yake mdomo kwa viganja viwili. "Nyamaza, mpumbavu wee! Linangoja neno!"

Kimya. Zimwi limeinamisha sikio. Nyevu akamtoa mtoto kinuni.

Mpaka leo limesimama, mchi juu, linangoja.

Mwatime hakusema tena neno hata moja mpaka akafa. Watu wakasema mawifi wale wamenuniana. Waongo. Kila asubuhi Nyevu alimpelekea maji bila kuombwa.

Hadithi yangu naitua hapo. Kitu usichojua kukikomesha, usikitie akili, hata kama ng'ambo wanatia. Na lile neno la kumalizia silisemi, lisije likasikia.